Safari ya kikazi: panga jiji kabla hujafika

Watu wengi wakitumwa safari ya kikazi wanapanga vitu viwili tu, tiketi na hoteli, halafu wanaenda wanakaa kwenye ule mkutano mmoja, jioni wanalala, kesho yake wanarudi. Nauli imelipwa, malazi yamelipwa, posho umepewa, na kilichofanyika pengine kingeisha kwa simu ya video. Mimi niko kwenye mauzo na kusafiri ndio kazi yenyewe, hapa naandika navyopanga mimi hatua kwa hatua mpaka safari ya mteja mmoja inanikutanisha na watu ambao nilikuwa hata siwajui.

Hatua ya 1: Andika unachofuata
Sentensi moja tu. Unaenda kupata nini ambacho simu haiwezi kukupa? Kuona ghala la saplaya kwa macho, kukaa na yule anayeidhinisha malipo ambaye imeli hajibu, kusaini. Ukishindwa kuiandika basi ongea na bosi kabla hela haijatoka.

Hatua ya 2: Funga mkutano mkuu kwanza, tiketi baadaye
Mkutano mkuu ndio msumari, mengine yote unayatundika hapo. Thibitisha tarehe, saa, jina la mtu atakayekupokea na akutumie lokesheni kwenye simu, sio jina la jengo tu maana kampuni moja inaweza kuwa na ofisi tatu jiji moja. Angalia kalenda ya sikukuu za kule, na siku za mapumziko pia, kuna nchi wikiendi yao ni Ijumaa na Jumamosi, ukiweka appointimenti Ijumaa ndo umeshaumia.

Hatua ya 3: Makaratasi
Kama unavuka mpaka, pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 mbele, nchi nyingi zinadai hivyo na shirika la ndege linaweza kukukatalia palepale kwenye kaunta. Viza ya biashara kwa kawaida inaruhusu mikutano na mazungumzo, lakini kufunga mashine au kufundisha wafanyakazi kwa malipo mara nyingi kunahesabiwa kuwa ni ajira, inahitaji kibali kingine, uliza ubalozi mapema. Chanjo ya homa ya manjano cheti chake kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu 2016 kinatambulika maisha yote, kwa hiyo kile cha zamani usikitupe.

Hatua ya 4: Panga kwa mtaa, usipange kwa saa
Hapa ndio penye utajiri wote na ndipo watu wanapoparuka. Fungua ramani kwenye simu, weka alama mkutano mkuu, kisha weka alama kila mtu unayeweza kumuona jiji hilo: mteja wa zamani aliyenyamaza, saplaya, mtu mliyesoma wote ambaye sasa yuko kwenye sekta yako, hata yule mnayechati naye kwenye LinkedIn na hamjawahi kuonana. Ukishaziona zile alama jiji linajigawa lenyewe, utaona upande huu wapo wanne na upande ule wapo wawili. Asubuhi kaa upande mmoja, mchana hamia upande mwingine, usivuke jiji zaidi ya mara moja kwa siku maana foleni haina huruma na mgeni. Halafu pima muda wa njia kwa saa ile ile utakayopita, app ya ramani inakuruhusu kuchagua muda wa kuondoka, usipime saa 4 usiku barabara ikiwa nyeupe ukadhani ndio hivyo saa 2 asubuhi.

Hoteli nayo itafuata hapo hapo. Chukua karibu na mkutano mkuu kiasi kwamba hata gari likikosekana utatembea kwa miguu. Ya karibu na uwanja wa ndege chukua tu kama ndege yako ni ya alfajiri sana.

Meseji za kuomba kuonana zitume siku 10 hivi kabla, ziwe fupi na umpe mtu nafasi mbili tofauti achague moja. Kitu kama hiki: "Habari za kazi Bi. Fulani. Nitakuwa jijini Jumanne na Jumatano kwa kazi na ofisi yenu iko jirani na ninapofikia. Naomba dakika 30 za kuongelea ule mzigo wa mwezi ujao, Jumanne saa 8 mchana au Jumatano saa 4 asubuhi, ipi itakufaa?" Mtu akiona saa iko wazi na ni dakika 30 tu, ni rahisi kukubali, ukimwandikia "tutafutane nikifika" hamtatafutana.

Mikutano mitatu kwa siku inatosha. Na mchana wa siku ya mwisho usiuwekee kitu kabisa, uache wazi kwa makusudi, sababu yake utaiona hatua ya 7.

Hatua ya 5: Begi
Kwa safari ya siku mbili tatu nenda na begi la mkononi tu. Kwenye viwanja vingi vimiminika bado ni chupa zisizozidi ml 100 kila moja. Pawabenki inakaa na wewe ndani ya ndege, hairuhusiwi kwenye begi la kupakia chini, na kikomo cha kawaida bila ruhusa maalum ni wati-saa 100 (Wh, kipimo cha umeme inaobeba), ile ya mAh 20,000 ni kama wati-saa 74 hivi, uko salama. Soma chaja ya leptop, ikiandikwa 100–240V unahitaji adapta ya plagi tu. Ukilazimika kupakia begi chini basi nguo za mkutano na sampuli muhimu za bidhaa zibaki mkononi. Begi lisipotokea usitoke uwanjani bila kuandikisha ripoti na kupewa namba yake, na kwa safari za kimataifa Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa usafiri wa ndege, unakupa siku 7 kulalamika kwa maandishi kuhusu begi lililoharibika, na siku 21 tangu ulipolipokea kama lilichelewa.

Hatua ya 6: Kufika
Fika jioni ya siku iliyotangulia, hili sibishani na mtu. Kama saa za kule zinatofautiana sana na za kwenu, mwili unahitaji karibu siku moja kwa kila saa ya tofauti kuzoea, wewe hutakuwa na siku hizo, kwa hiyo pangia mikutano saa ambazo mwili uko macho. Ukienda mashariki ambako saa zao ziko mbele masaa 6, saa 3 asubuhi ya kule mwilini mwako ni saa 9 usiku, omba mikutano ya mchana. Ukienda magharibi ni kinyume chake, asubuhi ndio unakuwa mkali na jioni unasinzia. Ukilipa kwa kadi mashine ikakuuliza sarafu ipi, chagua ya nchi uliyopo, ile ya kwenu inakuja na kiwango kibaya cha kubadilisha.

Hatua ya 7: Ndani ya mkutano
Kabla hujanyanyuka uliza hivi: "Nani mwingine hapa jijini unaona ni vizuri nionane naye?" Watu wanapenda kuunganisha, mara nyingi atampigia mtu mbele yako, na huyo mtu utampangia ule mchana ulioachwa wazi. Nilivyoona mimi, wateja bora wanapatikana hivi. Ukitoka tu, kabla hujapanda gari, jirekodie sauti dakika mbili: walitaka nini, uliahidi nini, nani anaamua. Risiti nazo zipige picha siku hiyo hiyo, zile za karatasi laini wino wake unafutika.

Hatua ya 8: Ukisubiri ndege
Fungua zile rekodi, mwandikie kila mtu meseji yake mwenyewe ndani ya masaa 24, utaje kitu alichosema na ahadi moja yenye tarehe. Aliyekuunganisha mwambie mlionana na mmefikia wapi, hii wengi wanaisahau na yule mtu hawaunganishi tena. Kisha ripoti ya bosi, ukurasa mmoja, ianze na ile sentensi ya hatua ya 1 na jibu lake, na zile ahadi ziingize kwenye kalenda ya simu zenye alamu kabla hawajaita abiria.