Jinsi ya kuomba mkataba wa kazi ya ng'ambo uthibitishwe kabla ya kusafiri

Mkenya anayekwenda kufanya kazi Saudia, Qatar au kwingineko hutakiwa na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 83, awe na mkataba uliotiwa sahihi na pande zote mbili na kuthibitishwa na afisa wa leba. Kwa kawaida wakala ndiye anayepeleka karatasi hizo, na hapo ndipo wengi hupunjwa, kwani mkataba huletwa siku ya safari, msafiri akiwa na begi mkononi, akaambiwa atie sahihi upesi.

Anza na wakala mwenyewe. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira huweka kwenye tovuti yake orodha ya mawakala waliosajiliwa. Tafuta jina la kampuni herufi kwa herufi, kisha uangalie kama usajili ungali hai, maana una muda wake wa kuisha. Cheti kilichotundikwa ukutani hakitoshi: mwaka 2014 serikali ilifuta leseni za mawakala 930 kwa mkupuo, wala fremu za vyeti hazikuanguka zenyewe.

Kusanya paspoti, kitambulisho, cheti cha maadili mema kinachoombwa kupitia eCitizen na kukamilishwa kwa alama za vidole, pamoja na ripoti ya daktari. Anayekwenda kufanya kazi za nyumbani aongeze cheti cha mafunzo. Kila shilingi unayotoa idai risiti yenye jina la kampuni, si jina la mtu aliyekuja kukuchukua kijijini.

Mkataba wenyewe uombe mapema, uende nao nyumbani na uusome polepole. Jina lako lilingane na la kwenye paspoti; jina na anwani ya mwajiri viwemo; mshahara uandikwe kwa fedha ya nchi ile na kwa mwezi; kazi itajwe waziwazi, kwa sababu aliyeahidiwa kazi ya hoteli hujikuta jikoni mwa mtu ikiwa karatasi inasema "mfanyakazi wa nyumbani". Tafuta pia siku ya mapumziko na nani atalipa tikiti ya kurudi. Kama nakala ni ya Kiarabu, usitie sahihi mpaka upate tafsiri.

Mbele ya afisa wa leba hutakiwi kunyamaza. Kifungu cha 84 kinamkataza kuthibitisha mkataba kabla ya kuridhika kwamba umekubali kwa hiari yako, hukudanganywa wala kushurutishwa, unayaelewa masharti, una afya ya kuifanya kazi hiyo na hujafungwa na mkataba mwingine. Kama wakala amekufundisha majibu, sema papo hapo. Uliza pia kuhusu dhamana: mwajiri asiyeishi wala kufanya biashara Kenya hutakiwa kuweka dhamana yenye wadhamini wanaoishi nchini.

Wakala akikuhimiza usafiri bila uthibitisho, "tutamalizia ukifika", ripoti katika ofisi ya leba iliyo karibu nawe, kwani kumshawishi mtu aondoke kwa mkataba wa namna hiyo ni kosa chini ya kifungu cha 86, lenye faini ya hadi shilingi 200,000, kifungo cha hadi miezi 6, au yote mawili.

Mkataba ukishathibitishwa, toa nakala mbili. Moja usafiri nayo. Nyingine mwachie mzazi au ndugu, pamoja na risiti, jina la wakala na namba yake ya usajili, kwa sababu ukinyang'anywa simu siku ya kwanza, yeye ndiye atakayelazimika kwenda kukuulizia.