Kupeleka mizigo Mombasa kwa pikipiki yako: panga bei ya kurudi kwanza

Ukiwa na pikipiki na simu yenye chaji, Mombasa huwezi kukosa cha kubeba. Madera na leso za Biashara Street, mabunda yanayoshushwa na mabasi ya Nairobi pale Mwembe Tayari, keki za akina dada wanaooka nyumbani na kuuza mtandaoni. Kazi ipo. Vijana ninaowaona wakiiacha hawakushindwa na barabara, walishindwa na bei. Mtu anaulizwa "Mtwapa ngapi?" naye anajibu papo hapo, hajajiuliza atarudi na nini.

Kutoka mjini hadi Mtwapa na kurudi ni kama kilomita 35. Pikipiki ya cc 150 iliyotunzwa haimalizi lita moja kwa mwendo huo, kwa hivyo ukihesabu mafuta pekee utajiona tajiri. Kinacholiwa ni saa. Ukitoka kisiwani saa kumi na moja jioni, unabanana na mji mzima unaorudi nyumbani kupitia Buxton na Daraja la Nyali. Asubuhi foleni ni ile ile, imegeuka tu upande. Mimi naishi Kisauni, kwa hivyo mizigo ya Bamburi, Shanzu na Mtwapa naichukua jioni, inalala kwangu, na asubuhi naianza bila kuligusa daraja. Mwenye mzigo nimemwambia mapema kwamba utafika kesho kabla ya saa tatu. Wengi hukubali, maana ahadi yenye saa yake inamfaa kuliko "niko njiani" ya mchana kutwa.

Kabla sijataja bei ya mbali, nauliza watu wangu wa upande ule kama wana cha kuleta mjini. Kikipatikana, bei inashuka. Kisipopatikana, mteja analipa kwenda na sehemu ya kurudi, na namwambia hivyo waziwazi. Anayenuna aende kwa mwingine, hakuna ugomvi. Mafuta nayo hubadilika: EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi na inaanza usiku wa kuamkia 15, basi bei za wiki ijayo usizifunge tarehe 13.

Likoni ni somo peke yake. Pikipiki hulipia feri, anayevuka kwa miguu halipi. Kwa mzigo mdogo wa Likoni au Ukunda, usivushe chombo. Tafuta mwenzako wa ng'ambo mnayeaminiana, egesha upande wa kisiwani mahali penye mlinzi, vuka na mzigo mkononi, mkabidhi, rudi na wake. Mnagawana malipo kama mlivyopatana, na kila mmoja anabaki kwenye barabara anazozijua. Barabara ya Dongo Kundu inakupeleka kusini bila feri, ila inaanzia Miritini. Aliyepakia mzigo Changamwe au kituo cha treni ya SGR itamfaa sana. Aliyepakia Mji wa Kale atakuwa amezunguka bure.

Tukija Mji wa Kale wenyewe, ramani ya simu itakufikisha mtaani na kukuacha hapo. Vichochoro vya Kibokoni havina namba za kukusaidia. Muulize mteja vitu vitatu: msikiti ulio karibu, duka lililo mkabala, na nani atapokea asipokuwepo. Egesha barabarani, ingia kwa miguu, piga hodi. Na ukikuta ni mama mtu mzima, shikamoo kwanza, habari za mzigo baadaye. Huyo ndiye atakayekuitia majirani watano.

Pesa ya kupokelewa mlangoni ndiyo inayovunja urafiki. Muuzaji anataka umkusanyie bei ya bidhaa, na wewe unataka nauli yako. Zitenge. Bidhaa ilipwe moja kwa moja kwenye till ya muuzaji, yaani namba yake ya malipo, nauli iingie kwenye akaunti yako ya M-Pesa ya Pochi la Biashara. Usikubali kuoneshwa ujumbe kwenye simu ya mteja, kwani ujumbe wa M-Pesa unaghushiwa kirahisi. Subiri wako uingie, au muuzaji akupigie athibitishe, ndipo mkono uachie mzigo. Kisha mkubaliane kabla ya safari ya kwanza nani analipa mteja akizima simu. Kwangu mimi muuzaji analipa nauli yote ya kwenda, na kurudisha mzigo ni nusu. Tumeandikiana kwenye WhatsApp, inatosha.

Kaskazi ikipamba moto, keki haikai kwenye kasha jeusi hata nusu saa. Kasha langu nimelipaka rangi nyeupe na ndani nimeweka mfuko wa barafu. Masika, kila kitu ndani ya nailoni, hata wakikwambia kimefungwa vizuri. Mwezi wa Ramadhani kazi inahamia baada ya alasiri, na kila mtu anataka chake kabla ya magharibi. Usikubali zaidi ya unavyoweza, maana futari iliyofika baada ya adhana haisameheki.

Makaratasi sasa. Leseni ya udereva ya kubebea mizigo ya watu kwa malipo ni daraja A3, nayo inataka umri wa miaka 21. Bima iwe ya biashara, kwani ile ya matumizi binafsi inaweza kukukana siku ya ajali. Kaunti inatoa kibali cha biashara, na huduma ya kusafirisha vifurushi inasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, kwa hivyo kabla hujaweka jina kwenye kasha na kuajiri wenzako, nenda ukaulizie leseni yao. Mauzo yakipita shilingi milioni 1 kwa mwaka, KRA, watu wa kodi, wanataka asilimia 3 ya mauzo, si ya faida, na fomu iingie isizidi tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Bima ya afya ya SHA hukatwi na mtu, ujilipie mwenyewe. Na namba za wateja zilizo kwenye simu yako zinalindwa na sheria ya data ya 2019; ukipiga picha ya uthibitisho, piga mzigo mlangoni, usipige sura ya mtu wala ya mtoto aliyefungua.

Daftari nalo liwe na safu mbili tu kwa kila safari: ulichopokea, na saa ulizotumia mpaka ukawa huru tena. Ijumaa baada ya sala gawa pesa kwa saa. Mteja ambaye kila wiki anakula saa nyingi kwa pesa kidogo, mpandishie bei au mpe mwenzako anayekaa jirani naye.