Kudunda mpira wa kikapu: tazama kiganja kabla ya kuhesabu hatua

Kwenye viwanja vyetu vya shule hapa Mtwara, mchezaji akichomoka tu na mpira, nje ya mstari zinapigwa kelele: "Katembea huyo!" Kutembea ni kosa la kupiga hatua zisizoruhusiwa mpira ukiwa mkononi, na mara nyingi hajatembea. Vijana wanaoandaliwa kwa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, wanaishia kuogopa kukimbia, na hilo linaniuma. Tunacheza kwa sheria za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, basi tuzisome kwa mpangilio.

Kwanza jiulize: mpira umetulia mkononi au la? Kudunda huisha mikono miwili inapougusa mpira kwa pamoja, au unapotulia mkononi, hata mkono mmoja. Kabla ya hapo hatua hazina idadi. Mpira ukiwa umetoka mkononi, apige hatua nne au tano, usipulize filimbi.

Pili, kiganja. Kudunda juu, hata usawa wa bega, si kosa. Kosa ni kiganja kuingia chini ya mpira, mpira ukatulia humo, kisha akaendelea kudunda. Hapo ameubeba. Ndipo pagumu kuliko pote, na kwa maoni yangu refa asogee aone vidole, asibahatishe kutoka mbali.

Tatu, akishaushika hadundi tena. Abaki na pasi, kurusha kikapuni, au kuzunguka kwa mguu wa egemeo, yaani ule unaobaki chini bila kuhama. Mpinzani akiupangua ukamtoka, akaupata tena, anaanza upya kihalali.

Nne, mwanzo wa kudunda. Aliyesimama auachie mpira kabla mguu wa egemeo haujainuka. Wanaojifunza hunaswa hapa kila siku. Anayedaka akiwa mbioni ana hatua mbili, na tangu 2017 mguu ulioko chini wakati anaudaka hauhesabiwi. Akitaka kudunda, auachie kabla ya hatua ya pili.

Adhabu: wapinzani wanarusha mpira uwanjani kutoka nje ya mstari, karibu na palipotendeka kosa, ila si nyuma ya ubao.

MASWALI

Mchezaji, Shangani: Shikamoo mwalimu. Uwanja wetu ni wa saruji na mchanga wa pwani haukosi. Nikiteleza nikaanguka na mpira mkononi, nimetembea?

Jibu: Marahaba. Hapana. Kuanguka na kuburuzika nao si kosa. Ukibiringika, au ukijaribu kuinuka bila kuuachia, hapo filimbi. Na ufagieni uwanja kabla ya mechi, mtavunjika miguu.

Mlezi wa timu, Lindi: Kocha, binti yangu alidaka pasi, mpira ukamponyoka, akaukimbilia, akaushika, ndipo akaanza kudunda. Refa akasema amedunda mara mbili. Ni sawa?

Jibu: Si sawa. Kuponyokwa wakati wa kudaka hakuhesabiwi kuwa kudunda, kwa hiyo alikuwa bado na haki yake. Ingekuwa amemaliza kudunda ndipo ukamponyoka, angeruhusiwa kuuokota tu, asidunde tena. Mwambie asiogope, siku nyingine afanye vilevile.