Singo maza wa Tabora unataka kurudi kusoma? Panga saa za mtoto kwanza, kozi baadae

Watu wakitaka kurudi kusoma swali la kwanza ni kozi gani inalipa. Mi nasema uliza kwanza mtoto atabaki na nani, sababu ukikatisha kozi mwezi wa pili ada ndo imeenda hiyo. Andika saa ya kumpeleka shule, saa ya kumfata, siku zako za gulio, utajua una asubuhi au una jioni tu. (Singo faza na nyie inawahusu msijifiche)

Mtoto bado mdogo kabisa? Anza na vyuo vya maendeleo ya wananchi, mkoani kwetu vipo Sikonge, Urambo na Nzega. Huko ndo ilipita programu ya Elimu Haina Mwisho, ililenga mabinti waliokatisha masomo wakiwemo waliopata ujauzito, unarudia sekondari huku unajifunza fani, na watoto wakatengewa sehemu yao mama akiwa darasani. Ukienda usiulize ada tu, omba uoneshwe hiyo sehemu, angalia choo, maji, nani anawashika na wanapokea kuanzia umri gani, akikwambia "utaona ukija" rudi nyumbani ukafikirie upya.

VETA Tabora wana kozi ndefu zinazoanza Januari, fomu zinatoka miezi kabla, na kozi fupi ambazo kwa mtu mwenye biashara naona zinafaa zaidi. Ila kabla hujalipia saluni pita mtaani kwako uhesabu saluni zilizopo, mi ningeenda umeme wa majumbani. Na kama umeshona miaka kibao bila cheti usianze moja, ulizia urasimishaji wa ujuzi, wanakupima kwa unachokijua na wanakwambia pa kuongezea.

Uliyeishia la saba kuna QT, yaani mtihani wa maarifa, ukifaulu ndo unaruhusiwa kufanya form foo kama mtahiniwa binafsi. Usajili unafunguliwa Januari mtihani Novemba, jisajili kwenye kituo cha mtihani wenyewe, hela usimpe mtu wa vijiweni.

Mtaji sasa. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 ni za wanawake, mkopo hauna riba, lakini unapewa kikundi na ni wa biashara sio ada, kwa hiyo wakati bado unasoma anza kukaa na wenzako mnaoaminiana na mumuone afisa maendeleo ya jamii wa kata awaambie katiba na usajili vinaandaliwaje.