Namba kubwa kwenye mfuko wa kulalia si yako: unapobeba shanta kwenda kulala kwenye theluji

Namba iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa kwenye mfuko wa kulalia si namba yako. Naanza na hilo kwa sababu nawajua: mtasoma aya mbili, kisha mbio dukani, kama nilivyofanya mimi. Basi hata ukiishia hapa, ondoka na hilo.

Mwaka wangu wa pili huku ughaibuni wafanyakazi wenzangu walinialika twende milimani siku tatu, shanta mgongoni, tukalale kwenye hema juu ya theluji. Utabiri ulisema usiku ungefika nyuzi 10 chini ya sifuri. Mimi nilikuwa nimeshanunua mfuko ulioandikwa -24, tarakimu nyeupe, upana wa kiganja. Nikapiga hesabu za msomi: 24 toa 10, nina akiba ya nyuzi 14. Usiku wa kwanza nikajilaza na hesabu yangu hiyo. Saa nane nikaamka meno yanagongana, nyonga niliyolalia imekufa ganzi, na zipu iliyokuwa karibu na mdomo imeota barafu ya pumzi zangu mwenyewe. Nikavaa kila kilichokuwamo kwenye shanta. Wapi! Alfajiri ilinikuta nimekaa nimejikunja, magoti kifuani, namsikiliza mwenzangu akikoroma.

Nikuambie nilichokuja kujua baadaye. Mifuko ya kulalia inayouzwa na makampuni makini hupimwa kwa kiwango cha kimataifa, ISO 23537, kilichochukua nafasi ya kile cha Ulaya, EN 13537. Sanamu la umbo la mtu, lenye vipasha joto ndani, huvalishwa nguo ndefu za ndani na soksi, likalazwa ndani ya mfuko juu ya godoro la kukinga baridi, kwenye chumba kilichopozwa. Kipimo hicho hutoa namba tatu. Ya kwanza ni ya starehe: baridi ambayo mwanamke wa kawaida atalala amejinyoosha bila kusumbuka. Ya pili ni ya kikomo: mwanamume wa kawaida, amejikunja, atapitisha saa 8 bila kuamshwa na baridi. Ya tatu ndiyo ya hatari: mwanamke wa kawaida anaweza kukaa saa 6 bila kufa. Kufa, si kulala. Vidole kuganda ni juu yako.

Mfuko wangu ulikuwa na starehe -1, kikomo -7, hatari -24. Na mimi ni mwanamke. Kwa hiyo namba yangu ilikuwa -1 tangu mwanzo, nami nikaenda kulala kwenye -10 nikijiona nina akiba. Namba mbili za kwanza zilikuwapo, ndiyo, kwenye lebo ya ndani, herufi za ukubwa wa punje ya mchele. Ile ya kifo ndiyo waliyoipa pambo.

Niliurudisha dukani. Kijana wa kaunta alinisikiliza kwa adabu zote, akageuza lebo ya ndani, akanionyesha namba zote tatu kwa ncha ya kalamu. Akasema iliyoandikwa nje haikunidanganya, maana niko hai. Na kwa kuwa mfuko ulikwisha kulaliwa porini, haurudishwi. Sikupata cha kumjibu. Mtu akikutukana unajua pa kuanzia, lakini huyu alinitakia siku njema.

Kwa hiyo, tena: geuza lebo. Tafuta namba ya starehe. Ukiwa mwanamume, usijidanganye kwamba ya kikomo inakutosha, maana yule mtu wa maabara hajatembea siku nzima na kilo kumi na tano mgongoni, hana njaa na hajalala na soksi mbichi. Nunua mfuko ambao namba yake ya starehe iko chini ya baridi unayoitarajia kwa nyuzi tano au zaidi. Ukikuta mfuko una namba moja tu na haisemi ni ya nini, uache hapo hapo ulipo.

Halafu kuna nusu ya pili ya mtego, iliyoniuma kuliko ya kwanza kwa sababu hakuna aliyeitaja. Baridi iliyoniamsha ilitoka chini. Sisi tumekua tukijua kwamba baridi ikizidi unaongeza blanketi juu. Mfuko wa kulalia unapasha kwa hewa iliyotulia ndani ya manyoya. Ukiulalia, upande wa chini unagandamizwa na hewa inatoka. Hapo kati yako na theluji panabaki kitambaa, na godoro kama unalo. Langu lilikuwa la kupuliza, la safari za kiangazi, tupu ndani. Hewa iliyomo inazunguka, inachukua joto lako inalipeleka chini, inarudi kuchukua jingine. Unakuwa umelipa hela upozwe.

Magodoro nayo yana namba yao, inaitwa R, ikiwa kubwa ndivyo godoro linavyozuia joto lako kutorokea chini, na tangu 2018 kuna kiwango kimoja cha kuipima, ASTM F3340, kwa hiyo yaliyopimwa kwa kiwango hicho unaweza kuyalinganisha hata kama yametoka makampuni tofauti. Kwa theluji tafuta R ya 5 au zaidi. Uzuri wa namba hii ni kwamba inajumlishwa: godoro la sponji ngumu lenye R ya 2 likitandikwa chini ya la kupuliza lenye R ya 4 unapata 6. Na sponji haitoboki. Ukiwa na hela ya kitu kimoja mwezi huu, anza na godoro. Mfuko mzuri juu ya godoro baya ni mfuko mbaya. Narudia: anza na godoro.

Utaniuliza, hao wenzako hawakuona? Waliona. Mmoja aliniona natandika, akaniuliza kama niko sawa, nikasema niko sawa, akaingia hemani kwake. Wenyeji wa huku heshima yao ni kutokuingilia. Kwetu kabla hamjatoka mlangoni mtu angeshafungua shanta yako, akatoa nusu ya vitu, akakuuliza nani kakuambia ununue hili. Nimewahi kukasirikia tabia hiyo miaka mingi, lakini usiku ule niliitamani. Asubuhi, nilipoeleza, hakuna aliyecheka: mmoja alinipa kipande chake cha sponji, mwingine akachemsha maji, akayatia kwenye chupa ngumu, akaifunga kwa soksi na kuniambia niibane mapajani. Usiku wa pili nililala. Msaada huku upo, lakini lazima uutamke. Usipoomba wanadhani umechagua.

Na hapa kidogo niwaseme ndugu zangu. Kila anayejiandaa kuja ananitumia picha ya sweta. Sweta zito la pamba, jinzi mbili, fulana nne. "Nitavaa zote kwa pamoja, dada, usijali." Uzito wa nguo si joto, mpenzi. Pamba ikinyonya jasho inalishika na haliachi, na maji huhamisha joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa tulivu. Ukipanda mlima na shanta utatoka jasho hata kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Ukisimama, jasho lile ndilo litakalokupoza. Kwenye theluji jinzi iliyolowa inaganda kama bomba la chuma: inasimama yenyewe.

Mavazi yenyewe wala si hesabu ngumu. Linalogusa ngozi liwe la sufu laini ya merino au polista, libane. Juu yake flisi nyepesi, kile kitambaa cha manyoya laini ya viwandani. Juu kabisa koti la kuzuia upepo na theluji, lenye zipu za kwapani za kutolea joto. Kisha koti nene la manyoya ya bata au nyuzi za viwandani, ambalo hutembei nalo mwilini: linakaa juu kabisa ya shanta, na unalivaa dakika ileile unaposimama, kabla hujahisi baridi. Manyoya ya bata ni mepesi na yanapasha sana ila yakilowa yananywea. Nyuzi za viwandani ni nzito kidogo lakini zikilowa bado zinafanya kazi. Anza safari ukihisi ubaridi kidogo. Ukianza na joto tamu, baada ya robo saa utakuwa umelowa kwa ndani. Na nguo za kulalia ziwe seti nyingine, kavu, zilizofungwa kwenye mfuko wa plastiki, zisizoguswa mchana hata kwa dharura. Soksi za usiku ni za usiku.

Kofia: wenye rasta na misuko ijaribuni na nywele zenu zilivyo, si kwa kukadiria. Kofia nyingi za huku hazikushonwa zikitufikiria, zinakaa juu ya nywele kama kifuniko cha sufuria na kuacha masikio nje.

Hapo hapo niseme jambo ambalo vipeperushi vya wenyeji kuhusu baridi huliruka. Watakuambia uchunguze ngozi ikibadilika kuwa nyekundu, kisha nyeupe, ndiyo dalili ya kuanza kuganda. Kwenye ngozi yetu wekundu huo huenda usiuone kabisa, na weupe unaweza kuonekana kama kijivu tu. Tafiti zilizofanywa kwa wanajeshi wa Uingereza na wa Marekani zimeonyesha kwamba wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi mara nyingi kuliko wenzao. Kwa hiyo usisubiri rangi. Kidole kilichokuwa kinauma kikinyamaza ghafla, simama. Kiguse: kikiwa kigumu au kinateleza kama nta, kipeleke kwapani, au tumboni kwa mwenzako. Usikisugue, na usikisugue kwa theluji hasa, hata akikuambia mzee gani. Kama kuna uwezekano wa kuganda tena njiani, usikiyeyushe. Shukeni mtafute daktari.

Glavu za kifuko, zile ambazo vidole vinne vinalala chumba kimoja, zinapasha kuliko za vidole vitano. Chukua jozi ya akiba, na uzifunge kamba mkononi, upepo una wivu. Buti nunua zilizozidi kidogo, ujaribu ukiwa umevaa soksi ile nene ya safari. Ukizijaza soksi mbili mpaka mguu unabanwa, umezuia damu, na damu ndiyo jiko lenyewe. Usiku ziweke ndani ya mfuko wa plastiki karibu nawe, la sivyo asubuhi utavaa mawe.

Jiko: mtungi wa gesi unaokufaa kiangazi unaweza kukugomea. Gesi ya butane ya kawaida huacha kugeuka hewa karibu na nyuzi 0, isobutane kwenye -12 hivi, propane huendelea mpaka -42. Tafuta mchanganyiko wa isobutane na propane, ulale nao ndani ya mfuko. Baridi ikizidi sana tumia jiko linalochoma mafuta ya kimiminika, si gesi. Beba nishati zaidi ya kawaida kwa sababu maji ya kunywa yatatoka kwenye theluji, na theluji ina ulafi wa moto. Anza na maji kidogo chini ya sufuria, la sivyo inaungua. Na usipike ndani ya hema lililofungwa, tafadhali. Moshi usioonekana umewaua watu walioingia kujipasha tu.

Chupa ya maji igeuze kichwa chini: barafu huanzia juu, kwa hiyo mdomo utabaki wazi. Mirija ya kunyonyea maji iache nyumbani, inaganda. Chujio la maji likiganda likiwa na maji ndani limekufa hata kama linaonekana zima. Simu na betri za tochi lala nazo. Shanta ya lita 60 hadi 80. Miwani ya jua, ndiyo, kwenye theluji. Vigingi vya kawaida vya hema havishiki; zika mifuko iliyojaa theluji. Mteremko wenye pembe ya nyuzi 30 hadi 45 ndio unaoporomosha theluji, na vifaa vya huko ni somo la darasa na mwalimu, sitalifupisha hapa.

Kabla ya yote hayo, lala usiku mmoja nje karibu na mlango wako, kwenye roshani au uani, na mfuko wako na godoro lako. Lebo usizikate, chini tandika shuka safi, risiti iweke. Ukishindwa saa nane usiku, kitanda kiko hatua tano.

Juzi mdogo wangu, ambaye amefika huku mwezi wa tatu sasa, amenitumia picha ya mfuko mwekundu. Namba nje: -30. Bei, anasema, ni ya kutupa. Nimemwambia ageuze lebo ya ndani anipigie picha. Imesomwa, alama mbili za bluu. Bado nasubiri.