Somo: Kuwatafuta wazao wa mwandishi wa gazeti la zamani, Kilimanjaro

Tuchukue mfano wa mtu aliyeandikia Komkya, gazeti lililotoka Moshi miaka ya 1950. Familia iwe ya mwisho kuendewa. Ukibisha hodi mikono mitupu, utapewa chai na kuambiwa babu alikuwa mtu wa watu, basi.

Hatua ya 1: Gazeti. Anzia maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Nyaraka za Taifa, Upanga. Nakili jina kama lilivyochapwa. Toleo moja huweka herufi za kwanza tu, jingine jina la ubatizo. Soma na barua za wasomaji, humo vijiji hutajwa.

Hatua ya 2: Kitabu cha ubatizo. Hapa ndipo penye mali. Walutheri wa misheni ya Leipzig walifika Kilimanjaro 1893, Wakatoliki walikuwa wametangulia Kilema. Mwandikie mchungaji au paroko, kisha ukasome palepale ofisini. Usiishie kwa baba na mama. Andika na wasimamizi wa ubatizo, maana wajukuu wao huenda bado ni majirani. Vitabu vya enzi ya Mjerumani vina tahajia yake: Moshi ni Moschi, Machame ni Madschame. Jina la ukoo lenye J litafute kwenye Dsch. Kumbukumbu za misheni ya Leipzig zenyewe ziko Halle, Ujerumani.

Hatua ya 3: Kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo. Nenda mwishoni mwa Desemba, watu wakiwa wamerudi nyumbani mlimani, ila sikukuu yenyewe waachie. Pitia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kwa mila ya Kichagga nyumba ya baba hubaki kwa kitinda mimba wa kiume, kwa hiyo sanduku la karatasi liulizie kwake. Kisha waulize mabinti walioolewa mbali. Watafiti huwaruka, na albamu mara nyingi wanazo wao. Wapelekee nakala ya makala ya babu yao, wasome kwanza.

Hatua ya 4: Karatasi na albamu zipige picha, usichukue asili. Karibu na dirisha, bila flashi, mbele na nyuma. Muhuri wa studio huwa nyuma.

MASWALI

Rombo: Shikamoo mwalimu. Kaka mtu karuhusu nipige picha, shangazi kakataa. Nifanyeje?
Jibu: Marahaba. Simama hapo hapo. Rudi kwa shangazi ukiwa na mtu anayemheshimu, na kamera ibaki kwenye begi.

Himo: RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, watakuwa na cheti cha kuzaliwa cha mwandishi?
Jibu: Usitegemee, ndugu yangu. Waafrika wengi wa kizazi hicho hawakusajiliwa. Ulizia mahakamani faili la mirathi, kama lilifunguliwa. Warithi hutajwa humo kwa majina.

Mgeni: Natoka chuo cha nje. Barua ya profesa inatosha?
Jibu: Haitoshi. Kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwanza, kisha mkoa, wilaya, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Beba nakala za kutosha, kila ofisi itabaki na yake.