Kutembea upya baada ya upasuaji wa nundu ya kidole gumba cha mguu

Nundu inayotokeza ubavuni mwa unyayo, ambayo madaktari huiita bunioni, si nyama iliyoota. Ni mfupa wa unyayo uliosogea upande wa ndani, huku kidole gumba kikiwaegemea wenzake. Daktari wa mifupa huukata, akaunyoosha na kuukaza kwa skrubu. Sisi wa fiziotherapia tunaanzia hapo, maana mfupa umenyooka lakini mwendo ni uleule wa zamani. Mguu uliozoea kukikwepa kidole kwa miaka mingi hauachi kukikwepa kwa sababu tu umeshonwa.

Mwongozo huu ni wa upasuaji wa kukata na kunyoosha. Kama kiungo cha kidole gumba kimeunganishwa kisikunjike tena, au umekatazwa kukanyaga, shika maagizo ya daktari wako.

Hatua ya 1: Mguu juu, wiki 2 za mwanzo

Lala, pandisha mito mpaka unyayo upite kimo cha moyo. Ukiuning'iniza utapwita na kubadilika rangi. Inuka kwa mambo ya lazima tu, ukiwa na kile kiatu cha soli ngumu ulichopewa. Mguu wa pili uvalishe raba ya kimo kilekile. Nawaona wengi wakivaa ndala upande wa pili: nyonga moja inakuwa juu, mgongo unauma, na mtu anayumba. Kunja mikeka njiani, acha taa ya kwenda chooni ikiwaka. Kama choo ni cha kuchuchumaa, tafuta kiti cha choo kwa kipindi hiki.

Chezesha kifundo cha mguu juu na chini mara kwa mara ili damu isigande. Shavu la mguu likivimba na kuuma, ukikosa pumzi, au kidonda kikitoa usaha, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Hatua ya 2: Kukiamsha kidole

Nyuzi zikishatolewa na daktari akiruhusu, keti upakate mguu. Mkono mmoja ushike mfupa nyuma ya kiungo, mwingine ushike kidole karibu na shina lake, si nchani. Kipandishe taratibu, hesabu hadi 10, kirudishe. Fanya mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Kuhisi kinavutika ni sawa. Maumivu yakikesha nawe, umezidisha.

Hatua ya 3: Kukirudishia kidole kazi yake

Kwa kawaida, kati ya wiki ya 6 na ya 8 picha ya eksirei huonyesha mfupa umeanza kushika, na unaruhusiwa kuvaa raba pana. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Kwa hofu wanakanyagia ukingo wa nje wa unyayo, na baada ya muda maumivu yanahamia chini ya kidole cha pili, kisha gotini.

Jipime: lowesha unyayo, kanyaga sakafu ya saruji, utazame alama. Mama mmoja muuza vitenge alikanyaga hivyo mbele yangu, tukahesabu vidole vinne. Alikuwa na hakika kwamba anakanyaga sawasawa.

Basi tembea ukishika ukuta, hatua fupi, polepole. Kisigino kitangulie, uzito upite katikati ya unyayo, na kidole gumba ndicho kiwe cha mwisho kuiaga sakafu, kikiisukuma. Dakika 5 za mwendo huu zina faida kuliko saa nzima ya kuchechemea. Yule mama alipopata alama ya tano, ilikuwa hafifu kama ya kidole cha mtoto, na nilifurahi kama yeye.

Hatua ya 4: Kusimama bila kuyumba

Ngozi ya ubavu wa kidole mara nyingi hufa ganzi, kwa kuwa mishipa midogo ya fahamu imeguswa. Ubongo ukikosa habari kutoka unyayoni, mwili unayumba, hasa gizani. Sugua unyayo kwa taulo kavu, kisha simama kando ya meza nzito. Simama kwa mguu mmoja sekunde 10, uongeze hadi 30. Ukishamudu, fumba macho, vidole vya mkono vikiigusa meza. Mzee, au mwenye kisukari, awe na mtu pembeni.

Hatua ya 5: Ngazi, daladala na sujudu

Kupanda ngazi au daladala, mguu usiopasuliwa utangulie. Kushuka, ule uliopasuliwa. Sujudu hukunja kidole kuliko kutembea, kwa hiyo swali ukiwa kitini mpaka kidole kipande bila maumivu, kisha jaribu kwanza juu ya godoro.

Jioni mguu utavimba kwa miezi kadhaa, pengine karibu mwaka. Usikimbilie viatu vyembamba. Miezi 6 baada ya upasuaji, geuza raba zako utazame soli. Kama ya mguu uliopasuliwa imelika upande wa nje tu, rudi hatua ya 3.